Sócrates: munganga aliyekuwa kapiteni wa Brazili

Tarehe 22 mwezi wa sita 1974, Léopards wa Zaïre walipigwa 3-0 na Brazili kule Gelsenkirchen, Ujerumani. Siku zile, huko Brazili kwenyewe, katika muji wa Ribeirão Preto, kijana mumoja wa miaka 20 alikuwa akisomea unganga huku akichezea ekipe ya hapo, Botafogo. Jina lake Sócrates. Baba yake, mutumishi wa serikali, alipenda sana vitabu, njo maana akawapa watoto majina ya wenye hekima wa Ugiriki. Wanajeshi walipopindua serikali mwaka wa 1964, mutoto alimuona baba akiharibu kitabu chake kwa woga. Hakusahau.

Mwenye amesoma unganga pale UCG Butembo anajua: masomo yale hayaachi nafasi. Sócrates alikosa mazoezi mara nyingi, lakini siku ya mechi alikuwa uwanjani. Mutu murefu, mita 1,92, mwembamba, hakimbii sana; pasi za kisigino ndizo zilimaliza maadui. Alipata diplome kwanza, halafu mwaka wa 1978 akaenda Corinthians ya São Paulo.

Pale ndipo jina lake lilikua kweli. Inchi ilikuwa bado mukononi mwa wanajeshi, raia hawachagui rais. Yeye na wenzake, kama Wladimir na Casagrande, wakaanza kupiga kura ndani ya ekipe: saa ya mazoezi, safari, kama walale hoteli mbele ya mechi ao nyumbani. Nyota wa ekipe na mutumishi mudogo, kila mutu kura moja. Wengine walicheka, wakasema ni fujo. Corinthians ikabeba kombe la jimbo la São Paulo 1982 na 1983.

Mwezi wa nne 1984, mbele ya umati mukubwa wa watu São Paulo, aliahidi kwamba kama wabunge watakubali raia wachague rais wao wenyewe, hataenda Ulaya. Kura 22 zilikosekana. Akaenda Fiorentina, Italia. Wakaaji wa Beni na Butembo, ambao kura yao ya Desemba 2018 ilisogezwa mpaka Machi 2019, rais akiwa amekwisha kuapishwa, hawahitaji kuelezwa uchungu ule.

Kombe la dunia hakulipata. Mwaka wa 1982 alikuwa kapiteni wa ekipe ambayo wengi wanasema ilicheza mupira mutamu kuliko zote. Italia ikawatoa 3-2, ingawa yeye alifunga. Mwaka wa 1986, na Ufaransa, penalti yake ilidakwa.

Alipoacha mupira alirudi Ribeirão Preto, akafanya kazi ya unganga, akaandika pia magazetini. Lakini sigara na pombe hakuziacha tangu ujana, na hapa elimu haikumusaidia: munganga aliyejua vizuri ini ni nini aliharibu lake mwenyewe. Alikufa tarehe 4 Desemba 2011, na miaka 57.

Siku hiyo Corinthians ilikuwa na mechi na Palmeiras. Mbele ya kuanza, wachezaji walisimama kimya, wakainua mukono wa kuume, ngumi imefungwa, namna yeye alizoea kushangilia bao. Waliachana 0-0, na Corinthians ikawa bingwa wa Brazili.