SHIZO KANAKURI: MKIMBIAJI ALIYEPOTEA NJIANI

Sisi Wakenya tukitaja magwiji wa mbio ndefu huanza na Kipchoge Keino, na ndivyo ipasavyo. Lakini leo nimeona niwasimulie habari za Mjapani mmoja aliyefariki mwaka wa 1983, mtu ambaye hakupata medali ya Olimpiki hata moja. Mtauliza, sasa huyo ana sifa gani? Tulieni niwaeleze.

Jina lake ni Shizo Kanakuri. Alizaliwa tarehe 20 Agosti 1891 katika mkoa wa Kumamoto, kusini mwa Japani. Shule ilikuwa mbali na kwao, yapata kilomita 6, naye alizikata kwa mbio kwenda na kurudi. Sisi wa shule za kutwa tunajua maana yake! Baadaye alijiunga na chuo cha ualimu mjini Tokyo. Mkuu wa chuo hicho alikuwa Jigoro Kano, yule yule aliyeanzisha mchezo wa judo.

Mwaka wa 1912 Kanakuri na mwenzake, Yahiko Mishima, walikuwa Wajapani wa kwanza kushiriki Olimpiki. Mashindano yalifanyika Stockholm, Uswidi. Walisafiri kwa meli na garimoshi kwa zaidi ya wiki mbili. Siku ya marathoni, tarehe 14 Julai, jua liliwaka si mchezo. Karibu nusu ya wakimbiaji walishindwa kumaliza, na Mreno mmoja, Francisco Lázaro, alianguka, akafariki siku iliyofuata. Kanakuri naye alizidiwa na joto kabla ya kufika kilomita 30. Akaingia katika bustani ya watu waliompa kinywaji, na mbio zikamwishia hapo. Kumbe hakuwaarifu wasimamizi! Wao wakaandika kwamba Mjapani amepotea.

Hebu fikiria, taifa zima limekutuma, nawe unarudi hivyo. Mwingine angejificha nyumbani na kuapa kutokimbia tena. Lakini Waswahili husema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Kanakuri alirudi, akawa mwalimu, akafanya mazoezi kwa ajili ya Olimpiki ya 1916. Hiyo nayo ikafutwa kwa sababu ya Vita Vikuu vya Kwanza.

Hapo ndipo ninapomwona mtu huyu kuwa shujaa. Kukaa akingoja zamu yake peke yake kusingefaa. Japani ilihitaji wakimbiaji wengi, na njia ya kuwapata ni kuwakimbiza kwa timu. Mwaka wa 1917 gazeti la Yomiuri liliandaa mbio za kupokezana kutoka Kyoto hadi Tokyo, zaidi ya kilomita 500. Mbio za namna hii huitwa ekiden. Badala ya kijiti, wakimbiaji hupokezana ukanda wa kitambaa unaovaliwa begani. Timu zilikuwa mbili, kila moja na watu 23. Walianza tarehe 27 Aprili saa nane mchana, wakakimbia mchana na usiku bila kulala njiani. Mmoja akichoka, mwenziwe yuko tayari gizani anamngoja. Asubuhi ya tarehe 29 timu ya kwanza iliingia Tokyo mbele ya umati mkubwa. Aliyeuleta ule ukanda mwishoni alikuwa nani? Kanakuri!

Mwaka wa 1920 alishirikiana na wenzake kuanzisha mbio za wanafunzi kutoka Tokyo hadi Hakone milimani na kurudi, siku mbili, wakimbiaji 10 kwa kila chuo. Vyuo vilikuwa 4 tu. Tarehe 14 Februari wanafunzi walisoma asubuhi kwanza, mbio zikaanza saa saba mchana. Basi usiku ukawakuta wakipanda mlima, na wenyeji wakawamulikia njia kwa mienge. Chuo alichosomea Kanakuri ndicho kilichoshinda. Yeye mwenyewe, mwaka huo huo, alikuwa wa 16 katika marathoni ya Olimpiki huko Antwerp.

Mbio za Hakone zingalipo hadi leo, kila tarehe 2 na 3 Januari. Timu ikichelewa mno, mkimbiaji wa zamu inayofuata huanzishwa bila kuupokea ukanda wa wenzake. Jamani, vijana hulia! Wakenya nao wamo. Joseph Otwori na Kennedy Isena walikimbia Hakone mwaka wa 1989. Marehemu Samuel Wanjiru alikwenda Japani akiwa na umri wa miaka 15, akakimbia ekiden za shule za sekondari, na mwaka wa 2008 akailetea Kenya dhahabu ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki.

Na Stockholm je? Mwaka wa 1967 Waswidi walimwalika Kanakuri amalize mbio zake. Akiwa mzee wa miaka 75 alikimbia hadi utepe. Muda wake ulitangazwa: miaka 54, miezi 8, siku 6, saa 5, dakika 32 na sekunde 20.3.

Watu wengi huicheka hesabu hiyo, nami nilicheka. Lakini katika miaka hiyo 54 mzee huyu hakuwa amelala bustanini. Wale waliopokea ukanda baada yake ni maelfu, na baadhi yao ni ndugu zetu. Mwalimu ni huyo. Medali hakupata, lakini njia aliiacha wazi, na mpaka leo ina watu.