YEREMIA: NABII ALIYEKATAA KUBEMBELEZA WATU

Wahenga hawakukosea waliposema ukweli unauma. Hebu tumtazame Yeremia, nabii wa Yuda, aliyeumizwa na ukweli maisha yake yote.

Yeremia alizaliwa Anathothi, kijiji cha makuhani karibu na Yerusalemu. Babake aliitwa Hilkia. Aliitwa kutabiri karibu mwaka 627 K.K., enzi za Mfalme Yosia. Alijitetea kwamba yeye ni mtoto tu, hajui kusema. Wapi! Kazi ilikuwa yake. Hata kuoa alikatazwa.

Ujumbe wake haukupendeza. Aliwaambia watu kwamba wanawadhulumu wageni, yatima na wajane, kisha wanakimbilia hekaluni wakidhani wamesalimika. Hukumu ya Mungu ilikuwa njiani. Kwa maneno hayo nusura auawe. Mfalme Yehoyakimu aliposomewa kitabu chake alikikatakata kwa kisu na kukitia motoni. Yeremia hakufa moyo. Alimwita karani wake Baruku, wakaandika kingine chenye maneno mengi zaidi.

Mwaka 597 K.K. Wababeli waliteka Yerusalemu, wakamchukua mfalme na vyombo vya hekalu. Miaka michache baadaye Yeremia alitembea na nira ya mti shingoni, ishara kwamba Yuda lazima itumikie Babeli. Ndipo akatokea Hanania wa Gibeoni. Mbele ya umati hekaluni, alitangaza kwa jina la Mungu yule yule kwamba baada ya miaka miwili tu vyombo na mateka wangerudi.

Hapo watu wangemjuaje mkweli? Yeremia mwenyewe alisema amina, maana alitamani iwe hivyo. Lakini alionya kwamba nabii wa amani hujulikana neno lake likitimia. Hanania akaivunja ile nira, naye Yeremia akaenda zake kimya. Baadaye alirudi na neno la Mungu: nira ya mti imevunjwa, itakuja ya chuma, na Hanania atakufa mwaka huo huo. Miezi miwili haikupita sana, Hanania akafa.

Yerusalemu ulipozingirwa tena, Yeremia alishauri watu wasalimu amri ili waishi. Wakuu walimwona msaliti, wakamtumbukiza katika shimo lenye matope. Aliyemwokoa ni mgeni, Ebedmeleki Mkushi, aliyemteremshia kamba na matambara ya kuweka kwapani zisimchune.

Karibu mwaka 586 K.K. mji ulichomwa pamoja na hekalu. Yeremia alibaki na maskini wa nchi, kisha akachukuliwa Misri bila kupenda. Habari zake zinakomea huko.

Wenzangu, Hanania alisema yale watu waliyotaka kusikia. Yeremia aliwapenda zaidi, ndiyo sababu hakuwadanganya. Je, sisi tunapochagua rafiki au kiongozi, tunamsikiliza nani?