Meja Boxer, Askari Aliyeandika Habari za Ngome ya Mombasa

Wazee wetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe walio na umri mkubwa hukumbuka kwamba Ngome ya Yesu ilikuwa jela, tangu mwaka 1895 hata 1958. Miongoni mwa waliochambua habari zake za kale katika maandiko ya Kireno ni mtu ambaye yeye mwenyewe alionja kifungo.

Charles Ralph Boxer alizaliwa Uingereza tarehe 8 Machi 1904. Baba yake, afisa wa jeshi, aliuawa vitani mwaka 1915. Hata hivyo mwana naye akaingia jeshini. Mwaka 1930 alipelekwa Japani kujifunza lugha, na baadaye Hong Kong katika kazi ya upelelezi. Huku nyuma alikuwa akikusanya vitabu vya kale na kusoma Kireno na Kiholanzi kwa juhudi yake mwenyewe. Wajapani walipoishambulia Hong Kong, Desemba 1941, alijeruhiwa, na mkono wake wa kushoto haukurudia nguvu zake. Alikaa mfungwa hata 1945. Vitabu vyake vilitwaliwa vikapelekwa Tokyo. Baada ya vita alivifuatia, akavipata vingi.

Mwaka 1947 aliacha jeshi akiwa na cheo cha meja, akafanywa Profesa wa Kireno katika Chuo cha King's, London. Hakuwa na shahada yoyote ya chuo kikuu. Sisi tulioishia shule ya misheni na kushika kalamu ofisini hatuwezi kulipita jambo hilo upesi.

Kitabu chake juu ya Ngome yetu, alichokitunga pamoja na Carlos de Azevedo, kilitolewa London mwaka 1960. Humo mna habari za Sultani Hasan aliyekimbilia bara, akauawa huko mwaka 1614 kwa hila ya Wareno. Na za mwanawe Yusuf, aliyelelewa Goa na kubatizwa, kisha mwezi wa Agosti 1631 akawageukia walezi wake na kuitwaa Ngome. Mna pia habari za mazingiwa ya Waarabu wa Oman, tangu Machi 1696 hata Desemba 1698. Watu wa bara, walioitwa Wamusungulo, wanatajwa mara nyingi: Wareno waliwapa nguo, wakahitaji chakula chao, na wakajenga vituo Makupa kwa kuwaogopa. Lakini wanasemewa na adui zao. Profesa hakuwa na karatasi nyingine. Upande wetu wa kivuko ulihifadhi habari zake midomoni mwa wazee.

Wareno walimheshimu sana mpaka mwaka 1963, alipotoa kitabu kingine kuonyesha kwamba madai ya serikali ya Salazar, kuwa katika makoloni yao hapakuwa na ubaguzi wa rangi, hayakupatana na maandiko ya Wareno wenyewe. Serikali ilikasirika, na rafiki wa zamani wakamshambulia magazetini. Hakuyafuta aliyoyaandika.

Alistaafu London mwaka 1967, akafundisha Marekani katika vyuo vikuu vya Indiana na Yale. Alifariki Uingereza tarehe 27 Aprili 2000, mwenye miaka 96.