Molière na Ruhusa ya Mfalme: Maisha Yaliyomvutia Bulgakov

Wahakiki wanapomtaja Mikhail Bulgakov, aghalabu hukimbilia riwaya zake. Tamthilia yake kuhusu Molière, aliyoikamilisha mwaka 1929, huachwa kando, ilhali ndiyo iliyogusa kwa undani zaidi dhiki ya msanii anayeishi kwa hisani ya mtawala.

Molière, ambaye jina lake halisi ni Jean-Baptiste Poquelin, alibatizwa Paris tarehe 15 Januari 1622. Baba yake alikuwa fundi wa mapambo na samani za mfalme, na wadhifa huo ungerithiwa na mwanawe. Mwana akaupa kisogo. Mwaka 1643 alishirikiana na Madeleine Béjart kuanzisha kundi la maigizo. Miaka miwili baadaye akatiwa kizuizini kwa ajili ya madeni. Kundi likatangatanga mikoani takriban miaka 13. Tarehe 24 Oktoba 1658 liliigiza Louvre mbele ya Mfalme Louis wa 14. Tanzia iliyotangulia haikusisimua; kichekesho kifupi kilichofuata ndicho kilichomfurahisha mfalme, na kundi likapewa ukumbi. Tangu hapo, riziki yake ilitegemea kicheko cha mtu mmoja.

Utegemezi huo ulidhihirika katika Tartuffe, ambayo kwa Kiswahili inajulikana kama Mnafiki. Mhusika mkuu hujifanya mcha Mungu ili ateke nyumba ya tajiri. Ilionyeshwa Versailles Mei 1664, viongozi wa dini wakachachamaa, na mfalme, japo aliifurahia, akakataza isionyeshwe hadharani. Mwaka 1667 Molière alimbadilisha mhusika jina na kupunguza makali. Ikachezwa mara moja tu, ikazuiwa tena. Ruhusa kamili ilipatikana Februari 1669.

Bulgakov aliuunganisha mgogoro huo na ndoa ya Molière na Armande Béjart ya mwaka 1662. Mahasimu walidai kwamba Armande alikuwa binti ya Madeleine, na hata ya Molière mwenyewe. Katika tamthilia, uvumi huo unamfikia mfalme, naye anamtupa msanii wake. Historia inasema vingine: mwaka 1664 Louis alikubali kuwa baba wa ubatizo wa mtoto wa kwanza wa Molière. Aidha, Bulgakov anamuua Molière jukwaani. Kwa kweli, tarehe 17 Februari 1673 alishikwa na mtukutiko akiigiza mtu anayejidhania mgonjwa, akamaliza onyesho na kufia nyumbani. Kanisa lilikataa kumzika, kwa kuwa hakuukana uigizaji. Armande akamsihi mfalme, na maziko yakafanywa usiku.

Kumlaumu Bulgakov kwa kupotosha historia ni lawama nyepesi. Tamthilia yake ilinyimwa kibali mwaka 1930. Akaiandikia serikali ya Kisovieti, na mwezi Aprili Stalin akampigia simu. Kibali kikatoka mwaka 1931, lakini onyesho la kwanza likasubiri hadi Februari 1936 katika Ukumbi wa Sanaa wa Moscow. Mwezi Machi gazeti la Pravda likaishambulia, nayo ikaondolewa baada ya maonyesho saba. Bulgakov alifariki mwaka 1940. Ilichapishwa mwaka 1962.

Inaishia kwa La Grange, mwigizaji ambaye kweli aliweka daftari la kumbukumbu za kundi, akitafakari aandike nini kuhusu chanzo cha kifo cha Molière.