Zheng He: Mateka aliyeleta meli za China hadi Malindi

Ukimaliza chai yako kwa kibanda pale Kibera au Kawangware, hebu geuza kikombe. Mara nyingi utaona kimetoka China. Wengi wetu hudhani haya ni mambo ya juzi, ya mizigo ya Gikomba. Wapi! Vyombo vya kauri vya China vilifika pwani yetu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Na katika stori hiyo ya China na pwani, jina kubwa ni Zheng He.

Alizaliwa 1371 Yunnan, kusini-magharibi mwa China, katika familia ya Waislamu. Aliitwa Ma He. Akiwa na miaka kumi hivi, jeshi la Ming lilivamia kwao. Babake akafa, yeye akatekwa, akahasiwa, kisha akapelekwa kumtumikia mwanamfalme Zhu Di. Mimi nilipoacha chuo kwa kukosa karo niliona yangu yameisha. Huyu alikuwa wa umri wa darasa la tano, na ashapoteza baba, kwao na nafasi ya kuzaa.

Akakulia vitani kando ya bosi wake. Zhu Di alipotwaa ufalme 1402 hakumsahau: alimpa jina la Zheng, na 1405 akamkabidhi mamia ya meli na watu kama 27,000.

Zheng He aliongoza misafara 7. Meli zilibeba hariri na kauri, zikarudi na viungo na hata wanyama. 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme twiga, na katika msafara wa 5, kati ya 1417 na 1419, meli zake zikafika Malindi.

Alifariki karibu 1433. Watawala waliofuata wakasimamisha misafara hiyo mikubwa, lakini kauri ziliendelea kuja mikononi mwa wafanyabiashara. Matajiri wa pwani walizipanga ukutani, na pale Mambrui bakuli zilipachikwa kwenye kaburi.

Chai yenyewe ilipandwa Limuru 1903 tu. Yaani kikombe kilitangulia chai kwa karne na karne! Leo kikianguka, mama wa kibanda hufagia vigae akinung'unika. Kule Gedi, vigae kama hivyo viko makumbusho.