Moyo Uliokataa Hukumu
Mwaka 1911, Mmarekani Clarence DeMar, mpiga chapa aliyekuja kuwa mwalimu, alishinda marathoni ya Boston yenye vilima vya Newton, ingawa daktari alikuwa amemwonya kuwa moyo wake ulikuwa na kasoro. Kisha kwa takriban mwongo mzima alishindana kwa nadra. Aliporejea mwaka 1922 alishinda tena, akipunguza zaidi ya dakika 3 katika muda wake wa 1911. Ushindi wa saba ulikuja mwaka 1930, akiwa na miaka 41. Alipofariki mwaka 1958, uchunguzi ulionyesha mishipa ya moyo wake ilikuwa mipana kupita kawaida. Sisi walimu tunaompima mwanafunzi kwa mtihani mmoja, tumkumbuke DeMar kabla ya kutoa hukumu.