Dr. Livingstone Alipochukuliwa kwa Machela

Jina la Dr. David Livingstone twalijua sote, maana mwaka 1866 alitoka Mikindani akafuata mto Ruvuma, huko chini ya uwanda wetu wa Makonde. Alizaliwa Scotland mwaka 1813, na tangu umri wa miaka 10 alikuwa kibarua katika kiwanda cha pamba. Safari zake ni nyingi. Hapa twaeleza ugonjwa wake mmoja tu.

Januari 1869, magharibi ya Ziwa Tanganyika, alinyeshewa mara kwa mara hata akashikwa na kichomi. Akatema damu, akawa dhaifu hata kusema ni taabu. Sanduku lake la dawa lilikuwa limekwisha kuibiwa miaka miwili nyuma. Aliyemwokoa ni Mohamad Bogharib, Mwarabu mfanya biashara ya pembe na watumwa, biashara ambayo Livingstone aliichukia mno. Mgonjwa alipigwa chuku kifuani, akalazwa katika machela. Hajapata kuchukuliwa hivyo maishani mwake. Jua lilimchoma, akajikinga uso kwa kitita cha majani. Tarehe 14 Machi alifika Ujiji kwa mtumbwi.

Huko alipata maziwa, kikohozi kikapungua, na Julai akaondoka tena; mapema mno, kwa maoni yangu. Mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimfungia kibandani Manyema siku 80. Alikufa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya sasa. Watu wake wakauchukua mwili mpaka pwani, mmoja wao Chuma, ambaye mwaka 1876 aliongoza msafara wa Askofu Steere kuja Masasi.